Sekunde Nne Zaidi

"Mzee Begi, njoo ukae mbele," mwalimu wa kamera aliniita. "Leo wewe ndiye nyota wetu."

"Nyota gani ina mvi mpaka puani," nikamjibu. Wanafunzi wakacheka. Nikakaa nyuma, kiti cha kando ya mlango, kama ilivyo kawaida yangu. Mtu aliyelala katika nyumba nyingi za kupanga hujifunza kukaa karibu na mlango.

Ilikuwa siku ya kuonyesha kazi za mwisho. Darasa la filamu na video lilikuwa limegeuzwa ukumbi. Mapazia meusi yalifungwa, viti vya plastiki vikapangwa safu sita, na skrini nyeupe ikatandazwa ukutani. Wazazi walikuja, na waume, na wake, na watoto wadogo walioulizwa kila dakika kama wanataka kukojoa. Kila mwanafunzi angeonyesha kipande chake kimoja cha mtihani, na mwalimu angekisahihisha hapohapo, watu wote wakisikia. Ndivyo alivyozoea. Alisema fundi wa kamera asiyeweza kusahihishwa hadharani hafai, maana makosa yake yote yatatazamwa hadharani.

Mimi sikuwa mwanafunzi. Nilikuja chuoni kupaka rangi. Ukuta mmoja wa studio ulitakiwa uwe wa kijani, kijani kikali cha chura, ili nyuma ya mtu waweze kuweka picha ya mahali popote wanapotaka. Kazi ya siku mbili. Siku ya pili mwalimu akanikuta nimekalia ndoo nanywa chai. Akasema darasa lake lote lina sura za miaka ishirini, hana mzee wa kupiga picha. Je, ningeweza kukaa kitini saa moja? Nikakaa. Saa moja ikawa mihula miwili. Begi langu la safari nililiweka kwenye kona ya studio, limefungwa tayari kwa kuondoka, na vijana wakanipa jina.

Kilichonikalisha ni Fundi, mwanamke mshonaji aliyekuwa mwanafunzi wa darasa lile.

Picha ikipigwa kwenye mwanga mdogo, lenzi huona kwa wembamba sana. Ukililenga jicho la mtu, sikio lake limeshaingia ukungu. Kwa hiyo lazima awepo mmoja wa kupima umbali kutoka kwenye kamera hadi kwenye jicho, kisha aishike pete ya lenzi na kuizungusha taratibu, ili fokasi, yaani ukali wa picha, imfuate anayetakiwa kuonekana. Wenzake walipima kwa tepu ya chuo. Yeye alipima kwa futi yake ya kushonea, ileile aliyoivaa shingoni miaka thelathini katika duka lake la cherehani.

Siku ya kwanza alinijia nayo mpaka usoni.

"Usipepese," akasema.

"Nikipepesa?"

"Ncha hii ina bati. Ukitaka kujua, pepesa."

Sikupepesa. Alikuwa na mkunjo mmoja kati ya nyusi, wa mtu aliyetunga uzi kwenye sindano maisha yake yote, na macho yake hayakuwa na haraka. "Mia moja themanini na mbili," akasema, akaandika kwenye kidaftari. Nimepita kwenye miji mingi na kwa wanawake kadhaa, sifichi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kwa sentimita niko mbali naye kiasi gani.

Baadaye nilimuuliza, mjane mwenye duka lake na wateja wake anatafuta nini katikati ya watoto.

"Hasira," alinijibu. "Nilishona gauni la harusi wiki tatu. Shanga mia nne kwa mkono. Wakaniletea video niione. Unajua kilichoonekana vizuri? Maua ya plastiki nyuma ya bibi harusi. Gauni langu lote ukungu! Nikasema huyu mpiga picha simtukani. Nakwenda kuisoma kazi yake niifanye mwenyewe."

Na aliifanya. Hakuna aliyempata. Mihula miwili hakukosea hata upana wa kidole, na chuo kizima kilijua kwamba cheti cha kwanza kina jina lake.

Wiki tatu kabla ya maonyesho nilimuuliza kama angenikubali niwe mume wake. Alikuwa anafuta lenzi, na hakuacha kufuta.

"Nitakujibu siku ya maonyesho," alisema. "Mwanangu akiwepo. Mimi si msichana wa kujibia mambo kichochoroni, na wewe si mwizi."

Mwanawe alikuwa daktari wa meno, mtu nadhifu, kola imenyooka kama rula. Habari zilimfikia haraka. Siku mbili baada ya mama yake kufanya mtihani wa kamera alinikuta napaka lango la chuo. Hakunisalimu.

"Bwana, nimesikia unamtaka mama yangu."

"Umesikia sawasawa."

"Una nyumba?"

"Nina chumba."

"Umekaa mji huu miaka mingapi?"

"Nikimaliza mwezi huu, mmoja."

Akaangalia brashi yangu kana kwamba ni jino bovu. "Mama alitoka shule darasa la saba ili wadogo zake wasome. Sisi tumevaa sare alizoshona usiku. Sasa ndiyo zamu yake. Akiharibu masomo haya kwa sababu yako, sitakusamehe. Na wewe, tunajuana, utakuwa umeshapanda basi."

Nikachovya brashi, nikaendelea kupaka. Mtu akisema kweli nusu, nusu ya pili hujibiwa kwa kukaa.

Basi siku ya maonyesho nilijua nimekuja kusikiliza mambo mawili, alama zake na jibu langu. Alikuwa safu ya pili, amevaa gauni la buluu alilojishonea. Kulia kwake alikaa mwanawe, kushoto wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Fundi hakugeuka kunitazama hata mara moja. Lakini mara mbili mkono wake ulipanda kurekebisha kola nyuma ya shingo, pale macho yangu yalipokuwa.

"Kipande cha ishirini na sita, cha mwisho," mwalimu akatangaza. "Fundi."

Watu wakapiga makofi kabla hawajaona kitu.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Mzee amekaa mezani, ubavu kwa kamera, anamsubiri mtoto wake ambaye hajaja nyumbani kwa miaka. Mlango unafunguliwa. Mtoto anapiga hatua tatu. Fokasi ianze kwenye jicho la mzee, na hatua ya tatu imwache, iende usoni kwa mtoto. Unapiga mara moja, hakuna kuchagua iliyo bora. Mzee nilikuwa mimi, na mtoto alikuwa binti mmoja wa darasa lao tuliyemwita Machozi, kwa jinsi yalivyomtoka akiombwa.

Nikajiona kwenye skrini, uso mkubwa kama lango. Kila mvi ilihesabika. Mlango ukafunguka nyuma. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Fokasi ikabaki kwangu.

Machozi akasimama, akalia, akasema maneno yake yote, na hakuwa na pua wala macho. Alikuwa kama mtu anayeoga nyuma ya kioo cha bafuni. Na uso wangu pale mbele ukaendelea kung'aa. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Nne. Ndipo fokasi ikamkumbuka yule binti, akiwa ameshafuta kamasi.

Skrini ikazimika. Hakuna aliyepiga makofi.

"Fundi," mwalimu akasema taratibu. Alikuwa mdogo kuliko mtoto wa Fundi, na nje ya darasa alimwita mama. "Hatua ya tatu ilipita."

Kijana mmoja akaruka. "Mwalimu, pete ya lenzi ile imelegea! Hata mimi ilinisumbua!"

"Kweli, imelegea!" wakaitikia wengine.

Nilielewa wanachofanya. Sheria ya chuo ilikuwa kwamba kosa likiwa la kifaa, mwanafunzi anarudia na kupewa alama zake zote. Kosa likiwa lake, anarudia mara moja siku hiyohiyo ya kusahihishwa, na hata akifanya kama malaika hapati zaidi ya alama ya kupita. Cheti cha kwanza kingekuwa kimekwenda.

Nikajikuta nimesimama. "Mwalimu, kosa ni langu. Nilisogea. Niliinama mbele nikamharibia."

Daktari wa meno akageuka kunitazama. Watu wote wakageuka. Mwalimu akashusha pumzi, kama mtu aliyepewa mlango wa kutokea.

"Fundi, unasemaje? Alisogea?"

Akasimama. Akalinyoosha gauni lake kwanza, mbele, kisha nyuma.

"Pete haijalegea," alisema. "Niliikaza mwenyewe asubuhi ile. Na huyu mzee hakusogea. Yeye akikaa kitini amekaa, nimempima mihula miwili, nywele zake ndizo zinazosogea, nazo zinarudi nyuma."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hatua ya tatu niliisikia. Mkono wangu ndio haukutaka kumwacha. Nilikuwa namtazama. Sikumtazama kama kazi, nilimtazama kama mtu anavyomtazama mtu wake. Kwenye kazi hilo ni kosa, na ni langu. Niandikie alama zake, nirudie."

Kisha wifi akapiga paja.

"Walisema mapenzi ni kikohozi! Huyu amekohoa kwenye skrini!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa mapazia. Mimi sikukisikia vizuri. Nimesifiwa katika maisha yangu, kwa ukuta ulionyooka, kwa mzigo uliofika salama. Lakini kusemwa hivyo, kwa kichwa kilichoinuliwa, na mtu ambaye angeweza kukaa kimya akaondoka na cheti cha kwanza! Miguu yangu ilikuwa bado imesimama kwa sababu haikukumbuka kukaa.

Mwanawe akainuka, akatoka nje. Nikamfuata kwenye korido, penye ubao wa matangazo.

"Nilikuambia," akasema bila kugeuka.

"Uliniambia."

"Angekuwa wa kwanza. Darasa la watu ishirini na sita, wengine wajukuu zake!"

"Najua."

"Na wewe ukamsemea uongo."

"Nikamsemea. Mimi ni mwepesi wa kutoka kwenye taabu, daktari. Mlango ukiwa wazi napita. Yeye kaonyeshwa milango miwili leo, na hakupita hata mmoja. Kwa hilo sina cha kukubishia. Ukisema simfai, pengine ni kweli."

Akanigeukia. Ndipo nilipoona ana mkunjo uleule kati ya nyusi.

"Kwa hiyo utaondoka?"

Kabla sijajibu, mlango wa darasa ukafunguka. Fundi akatoka, futi shingoni.

"Nani kampa mtu ruhusa ya kuondoka? Mimi narudia mtihani wangu sasa hivi. Wewe mzee, studio, kitini. Na Machozi ameshaingia zamu yake ya mtihani wa kuhariri, hatoki mpaka saa tisa. Nahitaji mtu wa kuingia mlangoni." Akamtazama mwanawe.

"Mama, mimi daktari wa meno."

"Hatua tatu unaweza kupiga?"

"Naweza, lakini..."

"Basi unatosha. Vua hiyo saa, inamulika."

Nusu ya ukumbi ikatufuata studio, wifi mbele. Nikakaa mezani. Fundi akaja na futi, akaiweka karibu na jicho langu. Nikasikia harufu ya sabuni mikononi mwake.

"Umenikasirikia?" nikamnong'oneza.

"Kwa ule uongo? Sana," akasema. "Mia moja sabini na tisa. Nyamaza."

Akampima na mwanawe pale atakaposimama. Ilibidi anyanyue mkono juu kulifikia jicho lake, na daktari akainamisha kichwa kidogo, kama nadhani alivyokuwa akifanya akipimwa sare.

"Jaribio kwanza," mwalimu akasema. "Ukisimama, mtazame baba yako, umsalimu. Ni hilo tu."

Daktari akaingia. Hatua tatu. Akasema "Shikamoo, baba" akiiambia sakafu.

"Hapana," mama yake akasema nyuma ya kamera. "Siwezi kulilenga jicho linalotafuta sindano iliyoanguka. Mtazame."

"Nimtazame vipi, mama?"

"Kazini kwako akikaa mtu kitini anaumwa jino, unamtazama vipi?"

"Namtazama... ili nijue panapouma."

"Hivyo hivyo."

Wifi akafungua mdomo, mwalimu akamwinulia kidole, akaufunga. Taa zikapunguzwa. Klapa, kibao cha kuanzishia picha, ikalia.

Mlango ukafunguka. Niligeuza macho kama nilivyofundishwa. Alipiga hatua ya kwanza akiwa daktari. Ya pili sijui alikuwa nani. Ya tatu akasimama, akanitazama, na kweli alikuwa anatafuta panapouma. Sijui aliona nini. Labda aliona mtu ambaye hajawahi kuingiliwa mlangoni na mtoto wake, kwa sababu hakukaa mahali kiasi cha kuwa na mlango.

"Shikamoo, baba," akasema.

Na hapohapo, kwa pembe ya jicho, niliona kifundo cha mkono wa Fundi kikizunguka. Taratibu, bila kusita, kama anayepindua kitambaa chini ya sindano. Alikuwa ameniacha. Nilijua sasa hivi kwenye picha mimi ni ukungu tu, bega na mvi, na uso wa mwanawe ndio unaong'aa. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayeondoka. Siku ile niliachwa, na nilijivuna hata nikasahau kuwa zamu ya kusema ni yangu.

"Marahaba," nikasema mwishowe. Ilitoka mbaya. Lakini ilitoka.

"Kata," mwalimu akasema.

Wakarudisha kipande kwenye skrini ndogo, vichwa kumi vimesongamana. Jicho langu, kali kama ncha ya sindano. Hatua moja, mbili, tatu, na hapo hapo, si kabla, si baada, uso wa daktari ukatoka kwenye ukungu. Vijana wakapiga kelele kama wamefunga goli. Mmoja akaomba aone tena. Wakaona tena mara nne.

"Ni kazi bora niliyoiona mwaka huu," mwalimu akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Na nakuandikia alama ya kupita, Fundi. Siwezi zaidi."

"Usiweze," Fundi akamwambia. "Ukiniongezea nitairudisha. Nilichoshona nakijua, na nilichofumua nakijua."

Watu walianza kutoka. Daktari alivaa saa yake, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Mama, twende. Umechoka."

"Tangulieni," akasema, ameinama, anachomoa waya wa taa. "Mimi na mchumba wangu tunakunja nyaya."

Hakupandisha sauti. Aliyasema kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Wifi alishika meza.

"Umesema nani?"

"Umesikia, wifi. Huyu aliniuliza neno, nikamwambia nitamjibu mwanangu akiwepo. Mwanangu huyo amesimama. Nimejibu."

"Jamani! Mtembezi hula miguu yake, huyu amekula mpaka ya kwetu!" Lakini alikuwa ameshaanza kucheka, na alinijia akanitazama kutoka kofia hadi viatu. "Una nguo ya harusi, wewe?"

"Sina."

"Umemchagua anayeshona. Mjanja."

Fundi alimsogelea mwanawe. "Nimepoteza cheti cha kwanza kwa sekunde nne," alimwambia. "Nimezihesabu. Sijutii hata moja. Kama wewe una la kusema, liseme sasa, mbele yake. Mimi sitaki maneno ya langoni."

Daktari aliniangalia kwa muda. Nilivua kofia, nikasimama wima. Nilitaka kumwahidi makubwa. Lakini ahadi nimezitoa miji mingi, na nilijua hapa zisingenunua hata kifungo.

"Nyaya zenyewe ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja," mama yake akasema.

Akachukua funguo zake za gari, akafika mlangoni, akasimama.

"Nitawasubiri nje," alisema. "Wote wawili."

Fundi akanipa ncha ya waya. Alinionyesha jinsi ya kuukunja, mzunguko mmoja juu, mmoja chini, usiubane, usiuvunje. Mkono wake juu ya mkono wangu. Nilikuwa mwanafunzi mgumu, ilibidi anionyeshe kila waya upya. Kisha tukatoka kwa ngazi za mbele, jua la mchana kali, wanafunzi wamejipanga pale nje na familia zao wanapiga picha za kumbukumbu. Nilidhani atauachia mkono wangu tukiwakaribia.

"Tupisheni kidogo," aliwaambia, akaukaza, "au tupigeni na sisi."